Printa ya rangi nyumbani: uliza bei ya chupa kwanza

Jirani yangu hapa Soweto, Mbeya, anafundisha watoto wa awali. Jioni moja mwezi wa nne alikuja na simu mkononi, ndani yake picha mbili za printa alizopiga dukani Mwanjelwa. Ya kwanza ndogo, nyeupe, bei ya kuvutia. Ya pili ina vidirisha vinne vinavyoonyesha wino ulipofika, na bei yake inazidi mara mbili ya ile ya kwanza.

"Kaka, zote zinatoa rangi, zote zinatoa kopi. Huyu wa pili si anataka kunipiga?"

Nilimuuliza anachapa kurasa ngapi kwa mwezi. Hakujua. Nikamuuliza kati ya hizo ngapi ni za rangi. Akacheka, akasema amekuja kuuliza, si kuulizwa. Lakini printa huchaguliwa kwa majibu ya maswali hayo mawili. Jina la kampuni, umbo na maneno ya muuzaji hufuata nyuma. Printa ni kama ng'ombe wa maziwa. Bei ya mnadani unailipa mara moja, pumba na mashudu utanunua kila mwezi. Kampuni zinalijua hilo siku nyingi, ndiyo maana baadhi ya mashine huuzwa karibu na bure: faida iko kwenye pumba.

Rangi nne, basi

Ndani ya printa ya kawaida ya nyumbani hakuna wino wa kijani, wala wa kahawia, wala wa zambarau. Kuna nne tu: siani, ambayo ni bluu inayoelekea kijani; majenta, ambayo ni wekundu unaoelekea zambarau; njano; na nyeusi. Nyingine zote ni vitone vya hizo vilivyowekwa jirani jirani mpaka jicho linadanganyika. Jani la mgomba ni njano na siani. Kinadharia ukichanganya zile tatu za kwanza ungepata nyeusi, ila kwa vitendo unapata tope la kahawia na karatasi iliyolowa. Kwa hiyo nyeusi imepewa chumba chake.

Kioo cha simu hufanya kazi kinyume. Kinawasha taa nyekundu, kijani na bluu na kuongeza mwanga, wakati wino unaunyonya mwanga ulioangukia karatasi. Gauni la bluu lililong'aa kwenye simu litapoa kidogo likichapwa, hata kwenye mashine ya bei mbaya. Nimeona mtu akirudisha printa nzima dukani kwa sababu hiyo.

Hapa pana mtego wa kwanza wa kiuchumi. Printa nyingi za bei ya chini hutumia katriji mbili: moja nyeusi, nyingine yenye rangi tatu katika kopo moja. Watoto wa jirani yangu huchora jua na alizeti. Njano ikikauka, siani na majenta zilizobaki hutupwa nayo, au fundi anaanza kuchokoa kwa sindano. Mtego wa pili ni imani kwamba ukichapa nyeusi tupu wino wa rangi hautumiki. Mashine inapojisafisha huvuta wino kutoka vyumba vyote, na zipo ambazo zitakataa kuchapa hata barua nyeusi tupu kama rangi moja imekwisha.

Maji au unga

Kwa lugha ya steshenari zetu, kuna wino wa maji na wino wa unga. Ni mashine za koo mbili tofauti, na mtu akichanganya koo hizo ndipo anaponunua kitu kisichomfaa.

Wino wa maji hurushwa. Kichwa cha kuchapia kina matundu membamba kuliko unywele, na kila tone hupimwa kwa pikolita, yaani sehemu ya lita iliyogawanywa mara milioni milioni. Canon na HP hulirusha tone kwa joto: kijiwaya kidogo hupashwa ghafla, wino unachemka, kipovu kinausukuma nje. Inasimuliwa kwamba mwaka 1977 mtafiti wa Canon aligusisha pasi ya kulehemu kwenye sindano yenye wino, wino ukaruka, wazo likazaliwa. Epson hawachemshi, wanatumia kipande cha madini kinachojikunja kikipata umeme na kuukamua wino. Kwa mnunuzi wa nyumbani tofauti inaonekana siku ya ugonjwa: vichwa vya joto mara nyingi hutoka na kubadilishwa kwa bei inayovumilika, wakati kichwa cha Epson hudumu sana lakini kikifa kinaweza kuua mashine nzima.

Wino wa unga, yaani tona, hunatishwa. Mwali wa leza huchora sura ya ukurasa kwa umeme tuli kwenye roli, unga unaganda pale palipochorwa, kisha roli ya moto unaokaribia nyuzi 200 za Selsiasi huuyeyushia kwenye karatasi. Msingi wake ni kazi ya Chester Carlson, aliyepata nakala yake ya kwanza huko New York tarehe 22 Oktoba 1938. Leza aliiongeza Gary Starkweather wa Xerox miongo mitatu baadaye.

Printa ya leza ya rangi ina sifa moja ambayo mtu wa nyumbani huidharau: unga haukauki. Uiache miezi mitatu, uirudie, inachapa kama jana. Maandishi yake hayachujuki kwa mvua. Sasa ubaya wake. Inataka tona nne, na bei ya seti kamili inaweza kukaribia bei ya mashine yenyewe. Picha za watu hutoka ngumu, ngozi inakuwa kama plastiki. Ni nzito. Halafu kuna ule moto: roli ikipashwa, mashine inaweza kuvuta wati zinazokaribia 1,000 kwa muda mfupi, na UPS ndogo ya kompyuta, yaani betri ya akiba, itapiga kelele na kuzima. Printa ya wino wa maji inapochapa haifiki hata wati 30, na inverta ya kawaida ya nyumbani inaibeba bila kuona.

Hesabu ya jirani yangu

Tulikaa na kalamu. Bei nitakazotaja ni za mfano, weka za duka lako, hesabu haibadiliki.

Tuseme printa ya katriji ni shilingi 250,000, na ile ya matangi, inayojazwa wino kutoka kwenye chupa, 650,000. Tuseme seti ya katriji ni 45,000 na kwenye boksi imeandikwa kurasa 150. Gawanya: shilingi 300 kwa ukurasa. Kwenye matangi, chukua chupa za Epson namba 103 zenye mililita 65, ambazo kampuni huzipa kurasa 4,500 kwa nyeusi na 7,500 kwa zile tatu za rangi zikifanya kazi pamoja. Tuseme kila chupa ni 25,000. Nyeusi inakuja karibu shilingi 6 kwa ukurasa, rangi shilingi 10. Jumla 16.

Mia tatu dhidi ya kumi na sita. Jirani yangu alirudia kugawanya mwenyewe kwa simu yake, akidhani nimekosea nukta.

Linganisha na karatasi. Rimu ya karatasi 500 ikiwa 13,000, kila karatasi ni shilingi 26. Kwa mashine ya matangi, karatasi ni ghali kuliko wino uliopakwa juu yake. (Na hili la karatasi huniuma kidogo. Nyanda hizi zetu za juu kusini zina misonobari ya Sao Hill, kiwanda kipo Mgololo tangu miaka ya 1980, lakini kinachotoka huko ni karatasi ngumu ya kahawia ya mifuko na maboksi. Rimu iliyo mezani kwangu imetoka Indonesia.)

Tofauti ya bei za mashine ni 400,000. Kila ukurasa unaokoa shilingi 284. Kwa hiyo mashine ghali inarudisha tofauti yake baada ya kurasa kama 1,400. Anayechapa kurasa 20 kwa wiki atafika hapo baada ya wiki 70, mwaka mmoja na miezi minne. Kwa kweli atafika mapema, maana printa ya matangi huja na chupa zake za kwanza ndani ya boksi, wakati printa nyingi za katriji huja na katriji za kuanzia ambazo hazikujazwa vya kutosha.

Usiziamini hata hivyo zile namba za boksi kama msahafu. Za katriji kwa kawaida hupimwa kwa kanuni ya kimataifa, ISO/IEC 24711, kwa kurasa tano maalumu zenye maandishi na michoro ya wastani, zinazochapwa mfululizo; za chupa zake Epson huzikadiria kwa njia yake yenyewe, kwa kurasa hizo hizo. Mwanao akichapa simba amejaa ukurasa mzima, wino unaokwenda ni mara kadhaa ya ule wa kipimo. Na wewe hutachapa mfululizo. Utachapa leo, uache siku nne, mashine ijisafishe kwanza. Zitumie namba hizo kulinganisha mashine na mashine. Kwa matumizi ya kwako, kata nusu.

Kuna safu ya tatu kwenye hesabu, ambayo wauzaji hawaitaji: kutonunua. Kama steshenari ya mtaani inakutoza 500 kwa ukurasa wa rangi na wewe unahitaji kurasa tano kwa mwezi, unatumia 30,000 kwa mwaka. Printa ya 650,000 itakulipa baada ya karibu miaka 22. Haitafika. Kwa nyumba za namna hii, na ni nyingi, ushauri wangu ni leza ndogo ya nyeusi tupu kwa barua, fomu na mitihani, na rangi uipeleke steshenari za Kabwe ndani ya flashi.

Nilimwambia ahesabu mwezi mmoja kwanza, aandike kwenye kalenda ya ukutani kila anachokwenda kuchapisha nje.

Matangi yalitoka wapi

Wengi hudhani printa za matangi ni wema wa kampuni. Zilianza mtaani. Huko Indonesia watu walichoshwa na bei za katriji, wakatoboa mashine, wakapitisha mipira myembamba kutoka kwenye chupa za nje mpaka kwenye kichwa. Epson ilikuta printa zake zinauzwa huku zimeshafanyiwa upasuaji. Mwaka 2010 ikatoa huko huko Indonesia printa yenye matangi ya kiwandani. Canon ikaja na mfululizo wake wa G, HP na Smart Tank, Brother nayo ikafuata. Mafundi wetu nao walikuwa na mipira yao. Ukiona printa kuukuu yenye chupa nne zimefungwa ubavuni kwa gundi ya uwazi, umeona babu wa hiyo unayoitamani.

Kiangazi, umeme na Kitonga

Maelezo ya jumla huishia hapo juu. Kwetu kuna mambo mengine.

Mbeya mjini tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi mvua hakuna, hewa ni kavu, usiku baridi, mchana vumbi linaingia hata palipofungwa. Wino wa maji sehemu kubwa ni maji. Ndani ya tundu jembamba kuliko unywele, maji yakipaa kinachobaki ni kizibo. Printa iliyochapa vizuri Pasaka itatoa mistari myeupe Nanenane, na mwenyewe atasema imekufa. Haijafa. Ina njaa ya kazi. Ukurasa mmoja kwa wiki wenye rangi zote nne unatosha kuyaweka matundu wazi, na shilingi 16 ni nafuu kuliko fundi. Kitambaa juu ya mashine nacho kisaidie, safi, si kile cha jikoni.

Tukuyu mambo yamegeuka. Kule mvua ni karibu mwaka mzima, kichwa hakikauki kirahisi, lakini karatasi inanyonya unyevu, inajikunja, mbili zinaingia pamoja na kukwama. Toa kwenye rimu karatasi za kutumia leo tu, zingine zifunge kwenye mfuko wa nailoni.

Umeme. Printa ya wino wa maji ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa hurudi pembeni na kufunikwa na kofia ndogo ya mpira. Ukizima kwa swichi ya ukutani, au umeme ukikatika katikati ya ukurasa, kichwa kinaweza kubaki wazi pale kilipo. Siku mbili za kiangazi zinatosha kukikausha. Umeme ukirudi, au LUKU ikishawekwa, iwashe mashine hata kama huna cha kuchapa, iache itulie, kisha izime kwa kitufe. Ni dakika moja, na katika printa ninazoona zimeharibika mitaani, naamini kutofanya hivi kumechangia kuliko wino mbaya.

Halafu basi. Hili nalisema nikiwa na aibu. Printa yangu ya kwanza ya matangi niliinunua Kariakoo, imetumika kidogo, wino ndani. Niliifunga kwenye boksi, nikaandika JUU kwa maki peni, nikaikabidhi kwenye basi kama kifurushi. Kutoka Dar es Salaam mpaka huku ni zaidi ya kilomita 800, na katikati yake kuna mlima wa Kitonga. Boksi lilipanda Kitonga limelala ubavu. Stendi nilipokea kitu kinachovuja zambarau, na konda akaniuliza kama nimeagiza rosela. Printa ya matangi husafiri mpya, chupa zikiwa bado zimefungwa. Au kama imetumika, isafiri wima miguuni pako.

Kabla ya kutoa hela

Nenda na orodha ya mashine mbili au tatu, lakini dukani usiulizie mashine. Ulizia chupa. Epson L3250, kwa mfano, katika soko letu hutumia chupa 103, wakati toleo la Asia hutumia 003. Mashine iliyoletwa kwa njia ya mkato inaweza kukuacha unatafuta namba ambayo haipo mjini. Pita maduka matatu. Kama chupa zote nne ziko kwenye mawili, endelea. Kama jibu ni "tunaagiza Dar", ujue kila mara njano ikiisha utakaa wiki. Mkazi wa Makambako au Tunduma ashike sana hili.

Muulize muuzaji nyeusi ni ya namna gani. Kuna wino wa rangi iliyoyeyuka, unaopendeza kwenye picha lakini hulia ukiguswa na maji, na kuna wino wa chembe, unaokaa juu ya karatasi na kustahimili. Canon kwenye mfululizo wake wa G huweka kwa kawaida nyeusi ya chembe na rangi zilizoyeyuka, mpangilio unaofaa nyumba yenye barua na picha. Ukishindwa kuelewana na muuzaji, chapa mstari mmoja, subiri dakika tano, pitisha kidole kilicholowa.

Sehemu ya kutoa kopi na kuskani usiiache. Nyumbani kwangu kioo cha juu kinafanya kazi kuliko matundu ya chini: kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule vya kupakia kwenye maombi ya kazi au mkopo wa chuo. Kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye simu pia ni muhimu, na hakuhitaji intaneti ya nyumbani. Wi-Fi ya mashine yenyewe inatosha. A3, kasi, kioo cha kugusa: ya ziada.

Ukinunua iliyotumika, chapa ukurasa wa kukagua matundu mbele ya muuzaji. Mistari yote itoke mizima. Ulizia pia sponji. Wino wa kujisafishia huishia kwenye sponji chini ya mashine, na printa huuhesabu. Hesabu ikijaa, inagoma kabisa. Fundi ataifuta hesabu kwa programu, itafanya kazi, lakini sponji ileile imejaa na iko siku itatapika mezani. Mwambie aibadilishe. Baadhi ya mashine mpya zina kiboksi cha taka unachobadilisha mwenyewe, na kwangu hiyo ni sababu ya kuongeza hela kidogo.

Wino usio wa kampuni? Kwenye matangi nimeutumia, mwingine mzuri, mwingine uliniletea kijani kwenye nyuso za watu. Kwenye katriji kuna chipu, na HP hueleza wazi kwamba baadhi ya printa zake hukataa katriji zisizo na chipu yake. Kwa hiyo bei nafuu ya katriji ya kuiga isiingie kwenye hesabu yako mpaka umeiona inafanya kazi kwenye mashine hiyo hiyo.

Jirani alirudi mwishoni mwa mwezi wa tano na kalenda yake. Kurasa 96, kati ya hizo 61 za rangi, maana darasa la awali halisomi herufi bila picha ya embe pembeni. Alinunua ya matangi. Wakati wa likizo hana kazi za darasa za kuchapa, hivyo mwezi wa sita mtoto wake wa mwisho alikabidhiwa zamu: kila Ijumaa jioni anachapa jogoo. Kilemba majenta, mkia siani, miguu njano, jicho jeusi. Mara ya mwisho nilipopita ukuta wa jikoni ulikuwa na majogoo tisa, na wa tano alikuwa na mkia mweupe; wiki ile umeme ulikatika siku mbili, na hakuna aliyekumbuka kuiwasha.